Filimbi ya Mwanzi Katika Nyumba ya Padre



Wapendwa waamini na wasomaji wetu wa kila juma, kwa njia zile ambazo habari za parokia husafiria, yaani chini ya mwembe baada ya Misa ya pili, tumefikiwa na swali ambalo hakuna aliyetuuliza ana kwa ana. Swali lenyewe ni hili: kwa nini nyumba ya padre, kila jioni baada ya Masifu, inatoa sauti kama ya ndege aliyenaswa? Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakauliza ni fedha ya nani iliyonunua kitu hicho wakati paa la kigango bado lina nusu ya bati. Tutajibu yote mawili. Tuanze na la fedha ili roho zitulie: hazikuwa za sadaka, hazikuwa za zaka, wala hazikuwa za bati. Zilitoka katika posho yetu wenyewe, na mweka hazina wa parokia anaweza kufungua daftari kwa yeyote anayetaka kujiridhisha.

Kitu hicho ni bansuri, filimbi ya mwanzi ya Wahindi. Jinsi ilivyofika Kibaha ni habari ya ugonjwa.

Wengi wenu mnakumbuka kwamba mwaka 2021 tuliugua nimonia, tukalazwa, mkatuombea. Tulipona, lakini kifua hakikurudi kama kilivyokuwa. Tuliweza kutembea, tuliweza kuhubiri, na baadhi yenu mlisema mahubiri yamekuwa mafupi na ya kufaa. Jambo tulilolishindwa ni kuimba. Mkesha wa Pasaka wa mwaka 2022 tulisimama kando ya mshumaa mpya, kitabu kikiwa wazi mbele yetu, na Mbiu ya Pasaka ikaimbwa na mwalimu wa kwaya. Aliimba vizuri mno. Sisi tulishika mshumaa mdogo kama waamini wengine, tukiwa na uchungu ambao hatukumwambia mtu, kwa maana padre anayelalamika usiku wa Pasaka ni aibu. Tangu siku ya upadrisho hatukuwahi kuukosa wimbo ule.

Hospitalini tulikuwa tumepewa kile kikopo cha plastiki chenye mipira mitatu, ambacho mgonjwa huvuta pumzi ili mipira ipande. Kinafaa, hatukikatai, lakini hakuna binadamu awezaye kukipenda. Daktari alituambia tutafute kitu chochote kitakachotulazimisha kupumua kwa kina kila siku bila kuchoka moyo. Ndipo Sista mmoja, mzaliwa wa Kerala kule kusini mwa India, anayehudumu katika zahanati jirani, akasema: “Baba, nunua bansuri. Inakula pumzi nyingi kuliko ugonjwa.” Akatueleza kwamba katika parokia ya kwao kwaya huimba pamoja na tabla, harmoniamu na filimbi ya namna hiyo, na hakuna anayegeuka kutazama.

Basi tulikwenda Dar es Salaam, mitaa ya Kisutu, mahali penye mahekalu ya Wahindu na maduka ya vitambaa, viungo na uvumba. Dukani tulionyeshwa filimbi nzuri sana, imepakwa rangi nyekundu na dhahabu, ina vishada vya nyuzi kila upande. Tukalipa shilingi 20,000 bila hata kuipuliza, kwa kuwa tuliona haya kupuliza mbele ya watu. Kosa lilikuwa letu kwanza, la muuzaji baadaye. Sista alipoiona alicheka hadi akakaa chini. Lilikuwa pambo la ukutani. Matundu yalitobolewa kwa umbali sawasawa kama vifungo vya kanzu, na mwanzi wenyewe ulikuwa na fundo ndani, katikati, lililotobolewa ovyo, hata upepo ulipita kama maji katika mfereji ulioziba. Tulirudi dukani tukaambiwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Ile filimbi sasa imetundikwa sebuleni, mahali pake halisi.

Ya pili ililetwa na Sista mwenyewe aliporudi kutoka likizo, imefungwa ndani ya taulo. Iligharimu rupia 1,500. Haina rangi wala vishada, ila uzi uliozungushwa mahali kadhaa ili mwanzi usipasuke. Tuliitazama tukasema moyoni kwamba tumeletewa kipande cha fimbo.

Hapa inafaa tueleze chombo hiki, maana vijana wetu wanakiona kama muujiza. Jina lenyewe ni maneno mawili ya Kihindi, mwanzi na sauti. Hutengenezwa kwa pingili moja tu ya mwanzi, ndefu, nyembamba ya ukuta, isiyo na fundo katika njia ya upepo. Ndiyo maana mianzi mingi ya kwetu, kama ile ya Iringa inayogemwa ulanzi, haifai sana: ina ukuta mnene na pingili fupi. Mwanzi huachwa ukauke vizuri, kisha fundi hutoboa matundu kwa chuma cha moto, akisikiliza kila tundu kabla ya kulitanua, kwa kuwa tundu likitanuliwa sauti hupanda, na likishapanda halishuki. Upande mmoja huzibwa kwa kizibo. Karibu na kizibo lipo tundu la mdomo, na mbele yake matundu sita ya vidole. Mpigaji huishika kwa ubavu, akapuliza kuvuka ukingo wa tundu kama mtoto apulizavyo mdomo wa chupa ya soda.

Kwa karne nyingi ilikuwa filimbi ndogo ya wachungaji na ya nyimbo za vijijini. Aliyeifanya iheshimiwe katika muziki mkubwa wa India ni Pannalal Ghosh, aliyeishi tangu 1911 hadi 1960. Yeye alirefusha mwanzi ili upate sauti nzito na ya kina. Baada yake amekuwapo Hariprasad Chaurasia, aliyezaliwa mwaka 1938, mtoto wa mpiga mieleka, ambaye baba yake alitaka awe mpiga mieleka pia, na mtoto akajifunza muziki kwa siri. Wazazi wa parokia yetu walisome hilo polepole.

Wanakwaya wetu, waliolelewa katika do-re-mi, watafurahi kujua kwamba Wahindi nao wana ngazi yao: sa, re, ga, ma, pa, dha, ni. Katika bansuri, do haipatikani kwa kuziba matundu yote, kama tulivyodhani kwa wiki nzima. Hupatikana kwa kuziba matundu matatu ya juu. Ukiziba yote sita unapata so ya chini. Kwa sababu hiyo filimbi ya fundi wa Kihindi inayoitwa ya G ina do yake kwenye G, na wako wauzaji wa nje ya India wanaoita kwa hesabu nyingine, hivyo mnunuzi asiyeuliza huweza kupokea chombo kisichoafikiana na kinanda chake. Adui yetu mkubwa alikuwa fa. Ukifungua matundu yote unapata fa iliyopanda nusu, inayoumiza sikio. Fa ya kawaida hupatikana kwa kuziba nusu tu ya tundu la kwanza, kwa ncha ya kidole, na nusu hiyo hakuna awezaye kukuonyesha. Tulitumia Kwaresima nzima ya mwaka 2023 kuitafuta. Mlinzi wetu, mtu mpole, alituuliza usiku mmoja: “Padre, hiyo nyimbo haina mwisho?”

Siku za kwanza kichwa kilizunguka, vidole vya kushoto vikafa ganzi, na sauti haikutoka kabisa kwa siku nne. Siku ya tano ilitoka moja, ndefu, nzito, ikijaa chumba. Tunakiri kwamba tulitazama pembeni kuona kama kuna mtu amesikia.

Lipo lile lingine lililosemwa chini ya mwembe, kwamba hiki ni chombo cha miungu ya Wahindu. Ni kweli kwamba Wahindu humchora Krishna akiwa na filimbi midomoni, na hatutaficha hilo. Lakini ndugu zetu, kinanda tunachokiita cha kanisa kina asili gani? Kinanda cha mabomba kilibuniwa Aleksandria ya Misri, hapa hapa Afrika, katika karne ya tatu kabla ya Kristo, na Warumi walikipiga katika viwanja ambamo watu waliuana kwa kuwaburudisha watazamaji. Kanisa lilikipokea karne nyingi baadaye. Na kinyume chake: tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pio X, mtakatifu, alitoa maagizo ya muziki wa kanisa ambamo piano ilikatazwa, na ngoma na matoazi pia. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ukafungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa, kwa idhini ya wenye mamlaka. Leo hii nani kati yetu anaweza kuwaza Misa ya Dominika Kibaha isiyo na ngoma? Huko India, Bismillah Khan, aliyefariki mwaka 2006, alikuwa Mwislamu mcha Mungu na alipiga shehnai yake katika hekalu la Wahindu mjini Varanasi. Tarehe 15 Agosti 1947, India ilipopata uhuru, ndiye aliyepuliza shehnai Delhi katika Ngome Nyekundu.

Shehnai hiyo ndiyo iliyotupeleka Kisarawe, maana Sista alipotuonyesha picha yake tulisema papo hapo: hii ni nzumari! Mwili wa mti unaotanuka kama tarumbeta, ulimi wa jani kavu lililokunjwa maradufu, ni ndugu wa damu. Ukoo wao umesambaa kutoka Uturuki na Uajemi hadi India, na jina la nzumari limetufikia kutoka Kiarabu, pamoja na majahazi ya kaskazi. Tukamkumbuka mzee mmoja tuliyemfahamu tulipokuwa tukihudumu upande ule. Tulisikia zamani kwamba aliwahi kuwa fundi wa nzumari.

Tulishuka Mlandizi, tukashika barabara ya Mzenga kuelekea Maneromango, vumbi na mikorosho pande zote mbili. Tulimkuta mzee barazani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akatuuliza habari za Kibaha kana kwamba ni ng'ambo ya bahari. Bansuri alipoipokea hakuipuliza. Aliinusa, akatia kidole kidogo katika kila tundu, akasema: “Hii inavuja upepo. Ya kwangu inauzuia.” Ni maelezo bora kuliko yote tuliyowahi kusoma. Filimbi hula hewa nyingi bila kuisukuma kwa nguvu. Nzumari hula hewa kidogo sana, lakini mpigaji huisukuma hadi mishipa ya shingo inasimama, na hewa inayobaki humsumbua kuliko inayotoka. Kwa hiyo fundi hujaza mashavu, akavuta pumzi puani huku mashavu yakiendelea kusukuma, na wimbo haukatiki. Yeye alijifunza ujanani Tanga, kwenye kazi ya mkonge, kwa kupuliza kikonyo cha mpapai ndani ya kibuyu cha maji. Mwalimu wake alikaa karibu na fimbo, na mapovu yakikoma, fimbo inashuka.

Tukamwomba atuonyeshe nzumari yake. Alinyamaza. Kisha akamtuma mjukuu darini, na mjukuu akashuka na gunia. Ilikuwamo, imefungwa katika kipande cha kanga, mti wake umekuwa mweusi kwa mikono. Ulimi ulikuwa umeliwa na wadudu.

“Tangu lini, Mzee?”

“Tangu 1978, Baba Padre. Mwaka niliobatizwa.”

Alituambia kwamba kiongozi mmoja wa kanisa, ambaye hatutamtaja na ambaye ametangulia mbele ya haki, alimweleza kuwa mtu hawezi kwenda na Kristo na ngoma za harusini. Achague. “Sikuambiwa niichome,” alisema mzee. “Niliambiwa niiache. Nikaiweka darini.”

Wapendwa, mwaka 1978 ulikuwa mwaka wa kumi na tano tangu hati ile ya Mtaguso. Ngoma zilikuwa zimekwishaingia makanisani nchi nzima. Hakuna sheria iliyomtaka mtu yule kuacha kipaji chake darini kwa miaka zaidi ya arobaini, ila neno la mtu mmoja aliyevaa mamlaka yetu. Tulimwomba radhi. Tulisema “tunaomba radhi” kwa wingi, kama tusemavyo daima, na kwa mara moja wingi huo ulikuwa na maana yake kamili. Mzee alitazama mikorosho, akauliza kama mwaka huu bei itakuwa nzuri.

Tulidhani tumepata njia ya kurekebisha. Tukamwambia kwamba tutamtafutia ulimi mpya, naye aje Kibaha siku ya shukrani ya mavuno, apige kanisani mbele ya watu wote. Alicheka, tukaona sababu ya kwanza: meno ya mbele hayapo, na nzumari bila midomo iliyokaza haitoi kitu. Sababu ya pili aliitoa mwenyewe. “Nzumari huita watu watoke ndani ya nyumba. Ninyi mnataka waingie. Iacheni iwe ya harusini.” Tulirudi na maneno hayo, na hadi leo hatujaamua kama ni hukumu ya fundi anayejua chombo chake, au ni lile neno la 1978 ambalo bado linazungumza kwa kinywa chake. Huenda ni yote mawili.

Yule mjukuu aliyeteremsha gunia ana miaka kumi na sita, na nzumari hataki hata kuishika. Alichotaka ni bansuri. Alitusindikiza hadi barabarani akiuliza bei yake, na tulipomtajia rupia na shilingi akanyamaza. Sasa hapa tumpongeze kijana wetu wa VIWAWA, fundi bomba, aliyesikia habari hiyo. Alichukua bomba la plastiki la maji la robo tatu inchi, akapima yetu kwa uzi, akatoboa kwa msumari wa moto. La kwanza lilitoka na sauti ya chini kuliko yetu kila mahali, kwa sababu unene wa ukuta si sawa. Akatanua matundu kwa tupa, kidogo kidogo, akilinganisha na kinanda, na la tatu likaafikiana. Halina utamu wa mwanzi. Lakini halipasuki, linaoshwa kwa sabuni, na lilikwenda Kisarawe ndani ya basi bila taulo. Mzee, tumeambiwa, humlazimisha kijana aanze na kibuyu cha maji, ingawa kwa filimbi hiyo si lazima. Fimbo haijulikani kama ipo.

Wanaotuuliza kama bansuri itapigwa katika Misa, tunasema: bado. Sababu haiko katika Krishna wala katika hati. Sababu ni kwamba mpigaji aliyepo ni sisi, na fa yetu haijatulia.

Mkesha wa Pasaka uliopita tuliimba Mbiu ya Pasaka. Tulichukua ile fupi, inayoruhusiwa na kitabu, na tulipumzika mara mbili mahali ambapo wimbo haupumziki. Mwalimu wa kwaya alisimama nyuma yetu, tayari kupokea. Hakuhitajika, ingawa katika pumziko la pili tulisikia akivuta hewa.

Sista anakwenda likizo tena mwezi Agosti. Wanaotaka waletewe filimbi waandike majina kwa katibu wa parokia na waache fedha kamili, si ahadi. Kwanza kila mmoja aje atandaze vidole juu ya yetu. Ile ndefu ya kei ya E, ya karibu sentimeta 75, ina sauti nzuri kupita zote, na wengi wataitaka, lakini mwenye mkono mdogo hatafika matundu ya mwisho. Waanze na ya G. Ikija, waitazame kwenye mwanga kutoka mwisho ulio wazi: ndani pawe laini, bila fundo wala ufa. Waipulize pale pale, mbele ya watu, so ya chini hadi do ya juu, pamoja na kinanda. Baada ya kupiga waifute ndani kwa kitambaa, mara mojamoja waipake mafuta kidogo, na wasiiache juani wala ndani ya gari. Mabomba ya plastiki yanapatikana kwa kijana wetu, Maili Moja, kwa bei ya bomba na soda moja.